Sentimeta 158 si urefu wa begi

Dada wa kaunta ya uwanja wa ndege hakuanza na mizani. Alizunguka meza, akainama, akatoa futikamba mfukoni na kulipima begi langu mara tatu: likiwa limesimama, kisha kwa upana, kisha kwa unene. Kila mara alinong'ona namba. Halafu akainuka.

"Kaka, mia moja sitini na nne."

Nikamwambia haiwezekani. Lebo ya dukani bado ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wa begi na nilikuwa naijua kwa moyo: 71 kwa 49 kwa 30. Jumla 150. Kikomo cha shirika ni 158. Nilikuwa na sentimeta nane za akiba, na usiku uliotangulia nilitembea nazo nyumbani kama mtu mwenye hela benki.

Akaniangalia bila ubaya wowote. "Lebo haisafiri, kaka. Linalosafiri ni begi."

Akanionyesha. Kutoka sakafuni, yaani kutoka chini ya magurudumu, hadi juu ya mkono ulioshushwa: 77, wala si 71. Upana, ukihesabu mkono wa ubavuni na vile vipira vinne ambavyo begi hukalia likilazwa: 51. Unene: 36, kwa sababu nilikuwa nimefungua ile zipu ya pili inayolitanua begi, na nilikuwa nimeifungua kwa furaha kabisa, nikidhani nimepewa zawadi. Sabini na saba na hamsini na moja na thelathini na sita. Hesabu haikuwa na pa kukwepea.

Nikasogea pembeni. Nikatoa masweta mawili na koti zito, koti nikalivaa, masweta nikayafunga kiunoni, nikakalia begi na kuvuta zipu ya kutanulia hadi ikafunga. Unene ukarudi 31. Jumla 159. Dada akautazama utepe, akautazama mstari wa watu nyuma yangu, akabandika karatasi ya mzigo. "Siku nyingine," akasema, "unaweza kumkuta mwenzangu."

Nimesafiri na maneno hayo tangu siku ile, na kwa bahati mbaya ya ndugu zangu nimekuwa mtu wa kupima mabegi ya kila anayesafiri. Ninachokijua ninakiandika hapa, maana nimechoka kukieleza kwa simu saa nne za usiku.

Shida inaanza kwenye neno. Mashirika ya ndege husema kipimo cha "mstari": inchi 62 za mstari, sentimeta 158 za mstari. Mtu akisikia mstari anawaza mstari mmoja, urefu mmoja. Maana yenyewe ni tofauti. Chukua urefu wa begi, upana wake na unene wake, uvilaze sakafuni kimoja kikianzia pale kingine kinapoishia. Mstari unaopatikana ndio huo usiozidi 158. Hakuna kuzidisha, hakuna mraba, hakuna ujazo. Ni hesabu ya kujumlisha namba tatu, hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na ndiyo maana watu wazima tunaikosea: tunaona haiwezekani iwe rahisi hivyo.

Mimi mara ya kwanza nilizidisha. Nilipata laki moja na kitu, nikalinganisha na 158, nikakaa kitandani nikitafakari maisha. Shemeji yangu alikosea kwa kuelekea upande wa pili. Yeye aliamini 158 ni kimo cha begi, akashangaa mashirika ya ndege yameanza lini kuwa na huruma, kwa kuwa begi la kimo hicho linamfika kidevuni. Kosa lake ni la hatari kuliko langu. Anayezidisha anaogopa bure na anasafiri na begi dogo. Anayedhani ni kimo ananunua begi kubwa kwa kujiamini, na kujiamini huko ndiko kunakolipiwa kaunta.

Kwa nini namba ya ajabu kama 158? Kwa sababu haikuzaliwa kwenye sentimeta. Ilizaliwa kwenye inchi, 62 kamili, na inchi tangu makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini ni sentimeta 2.54 bila nyongeza wala upungufu. Zidisha: 157.48. Mashirika mengi yakaipandisha hadi 158, na hiyo nusu sentimeta ni karibu ukarimu wote utakaoupata kutoka kwao. Uzito nao una historia hiyohiyo. Kilo 23 ni ratili 50, ambazo kwa kweli ni kilo 22.68. Kilo 32 ni ratili 70, yaani 31.75. Ukiona namba ya ndege isiyo ya mviringo, ujue imevaa nguo za kuazima.

Na 158 si sheria ya dunia. Hakuna chombo kinachoyalazimisha mashirika yote. IATA, ule muungano wa mashirika ya ndege ulioanzishwa mwaka 1945, hutoa miongozo tu, na kila shirika hupanga lake. easyJet, kwa mfano, huruhusu mzigo wa kupakiwa ufike jumla ya sentimeta 275, kisha inakubana kwenye uzito. Kwenye masharti ya mashirika mengi kwa miaka mingi kulikuwa pia na namba nyingine, 273, iliyokuwa ikiwachanganya watu kweli kweli: mabegi mawili, kila moja lisizidi 158, lakini yote mawili kwa pamoja yasizidi 273. Nilihangaika nayo hadi nilipoitoa 158 ndani yake. Inabaki 115. Yaani ulikuwa unaruhusiwa begi moja kubwa na lingine la kiasi cha begi la mkononi, ila waliamua kukuambia kwa fumbo.

Sasa magurudumu, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Sanduku la zamani lilikuwa boksi tu lenye mkono wa kushikia juu. Ulipopima boksi, umepima kila kitu. Mwaka 1972 Bernard Sadow alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Marekani ya sanduku lenye magurudumu manne na kamba ya kulivutia, kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda. Mwaka 1987 rubani mmoja, Robert Plath, akalisimamisha wima, magurudumu mawili chini na mkono mrefu wa kuvutwa juu, na ndilo begi tunalolijua leo. Raha tupu kwa mgongo. Lakini magurudumu hayaelei hewani. Yanakaa chini ya begi na yanakula sentimeta nne, tano, wakati mwingine sita za kipimo kilekile, na zile reli za mkono wa kuvuta zinakula nyingine kwa ndani. Tulipewa magurudumu, kikomo hakikusogezwa.

Muuzaji naye ana lugha yake. Anaposema begi la inchi 20, 24 au 28, mara nyingi anataja kimo cha mwili wa begi peke yake, bila magurudumu wala kichwa cha mkono. Hasemi uongo. Anajibu swali ambalo shirika la ndege halijauliza. Inchi 28 ni sentimeta 71, na ndiyo 71 iliyokuwa kwenye lebo yangu. Shirika linauliza: kutoka sakafuni hadi juu, magurudumu na mikono vikiwemo, ni ngapi? Hapo 71 ikawa 77. Mabegi mengine yanauzwa yameandikwa kuwa yanakubalika kwenye ndege, maneno ambayo hayakutajii ndege ipi. Mimi siku hizi nikiyaona nayapita.

Namna ya kupima ni hii, na haihitaji utaalamu. Begi lipimwe likiwa limejaa, kwa sababu begi tupu ni begi jingine kabisa, hasa la kitambaa, ambalo likishiba linatoa tumbo. Lisimamishe sakafuni likiegemea ukuta, mkono wa kuvuta ukiwa umeshushwa wote. Weka kitabu kigumu juu yake kikigusa ukuta, chora alama ndogo ya penseli chini ya kitabu, kisha ondoa begi na upime kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Ukipima begi lenyewe kwa utepe wa fundi cherehani unaofuata mikunjo, utapata namba isiyo ya mtu yeyote. Fanya hivyo kwa pande zote tatu, kila mara ukihesabu kinachojitokeza zaidi: mkono wa ubavuni, kipira, mfuko wa mbele uliotiwa chupa ya mafuta. Andika namba tatu kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko. Zangu ni 77, 51, 31, na pembeni nimeandika "USIFUNGUE ZIPU YA PILI", kwa herufi kubwa, kama onyo la umeme.

Umbo lina siri zake pia. Mabegi mawili yanaweza kuwa na jumla sawasawa ya 158 na moja likabeba karibu mara moja na nusu ya jingine. Chukua la 100 kwa 38 kwa 20: lita 76. Chukua la 78 kwa 52 kwa 28: lita 113 na nusu. Jumla ni ileile. Kadiri pande tatu zinavyokaribiana ndivyo ujazo unavyopanda, na kilele chake ni mchemraba, kila upande sentimeta 52 na kitu, unaobeba lita 146. Kwa hiyo mtu anayetaka kubeba kingi ndani ya sheria anapaswa kusafiri na boksi la mraba kama la televisheni za zamani. Nimewahi kumshauri mtu hivyo, akanijibu kwamba anasafiri na nguo, hasafirishi jiko. Kisha kuna uzito: lita 146 za nguo zilizopangwa vizuri zitavuka kilo 23 kabla hujafika juu. Ujazo wa bure usiokuwa na kilo za kuujaza ni sebule isiyo na viti.

Watu huuliza kwa nini wasipime ujazo tu, ambao ndio nafasi yenyewe. Upande wa mizigo ya kibiashara ndivyo wanavyofanya. Huko huzidisha pande tatu kwa sentimeta na kugawanya kwa 6,000, ili boksi kubwa jepesi lilipiwe kama zito: la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20 hata kama ndani kuna pamba. Lakini kaunta ya abiria haina muda huo. Kujumlisha kunafanyika kichwani huku unaongea na mtu. Na jumla inakamata kitu ambacho ujazo ungekiachia. Nguzo ya mita nne yenye unene wa sentimeta tano kwa tano ina ujazo wa lita kumi tu, chini ya begi la mgongoni la mwanafunzi. Kwa ujazo ingepita. Kwa jumla ni 410, inakataliwa palepale, na ni haki, kwa kuwa mkanda wa mizigo una kona, na kwenye ndege kama Boeing 737 mabegi hupangwa moja moja kwa mikono na watu waliopiga magoti, kwani chumba chenyewe hakitoshi kusimama wima. Mimi kipimo hiki nimeshakilalamikia sana lakini katika vipimo vyote ninavyovijua naona ndicho kilicho na akili zaidi.

Si cha ndege peke yake, vilevile. Reli za Urusi huruhusu mzigo wa mkononi wenye jumla ya pande tatu isiyozidi sentimeta 180. Japani, kwenye treni za kasi za njia ya Tokaido, tangu Mei 2020 begi lenye jumla inayozidi 160 hadi 250 linahitaji kuwekewa nafasi mapema. Vifurushi huko Japani hata majina yake ni jumla: kifurushi cha "60" ni kile ambacho pande zake tatu hazizidi sentimeta 60 zikijumlishwa, kisha kuna cha 80, cha 100, na kuendelea. Napenda hilo. Ukubwa wa kitu kuitwa kwa namba yake ya kweli, kutoka ukuta hadi ukuta.

Begi la mkononi ni mji mwingine wenye mfalme mwingine. Kule pia kuna jumla, mara nyingi inchi 45, ambazo zinatokana na 22 kwa 14 kwa 9. Ila jumla hapo ni pambo. Kinachoamua ni lile fremu la chuma lililosimama karibu na lango, na chuma hakijumlishi. Begi la 24 kwa 12 kwa 9 nalo lina jumla ya 45, tena kamili, lakini kwenye fremu la 22 litabaki na kichwa nje na wewe utabaki umesimama nalo watu wakikutazama. Penye namba tatu tofauti, jumla isikufariji. Lazima kila upande uingie kwenye upande wake.

Halafu kuna mchezo wa kubadilisha inchi kuwa sentimeta. Mashirika matatu makubwa ya Marekani yote hutumia 22 kwa 14 kwa 9. American huandika 56 kwa 36 kwa 23. Delta huandika 56 kwa 35 kwa 23. United huandika 56 kwa 35 kwa 22. Jumlisha: 115, 114, 113. Begi ni lilelile, inchi ni zilezile, ila kila mmoja amekata desimali kwa mkasi wake. Mwaka 2015 IATA ilijaribu kuleta kipimo kimoja cha kupendekeza, 55 kwa 35 kwa 20, kikiwa na alama yake ya kubandikwa kwenye mabegi. Jumla 110. Watu walipiga hesabu, wakaona begi wanalolimiliki limepunguzwa usiku mmoja, na kelele zilizotoka Amerika Kaskazini zilifanya mpango usimamishwe kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa upande wa kelele.

Nimefika kwa mpwa wangu, maana ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Alinipigia. Anasafiri kwenda kusoma, anataka kwenda na gitaa lake. Sanduku lake gumu amelipima: 108, 43, 14.

"Mia moja sitini na tano, Mjomba. Limezidi saba."

Nikamuuliza kama alianzia sakafuni. Alianzia sakafuni. Nikamuuliza kuhusu vifungo vya pembeni. Amevihesabu. Nikasikia fahari ndogo kifuani. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Na nikilitafutia boksi kubwa, nikaliweka gitaa kwa ulalo, kutoka kona hadi kona? Boksi lenyewe si litakuwa fupi?"

Ni swali la akili kuliko linavyosikika. Kwenye sheria zinazobana upande mmoja mmoja, ujanja huo unafanya kazi. Tuseme mahali wamesema hakuna upande uzidi sentimeta 100. Fimbo ya 150 imekataliwa. Lakini boksi la 100 kwa 100 kwa 100 limekubaliwa, na kutoka kona ya chini hadi kona ya juu iliyo mkabala lina sentimeta 173. Fimbo inaingia kwa ulalo na nafasi inabaki. Umeishinda sheria kwa kubeba kitu kikubwa zaidi, jambo la kichekesho, lakini umeishinda.

Je, jumla nayo inashindwa hivyo? Nilimwambia nitampigia kesho. Nilichora maboksi hadi karibu saa saba. Kila nililojaribu lilikataa. Kila boksi la nje lililoweza kulimeza la ndani kwa ulalo lilikuwa na jumla kubwa zaidi. Baadaye nikagundua kwamba ni kanuni iliyothibitishwa, tena uthibitisho wake ni mzuri kiasi kwamba nitausimulia hapa, na asiyependa hesabu aruke aya mbili.

Chukua boksi lenye pande a, b na c. Lipake mpira kila mahali kwa unene r, hadi kila sehemu iliyo ndani ya umbali r kutoka kwenye boksi iwe imefunikwa. Umbo jipya lina ujazo gani? Kuna boksi lenyewe. Kuna mpira uliolala juu ya nyuso sita, ambao ni eneo la nyuso mara r. Kwenye kingo kumi na mbili kuna robo za silinda: nne zenye urefu a zinaungana kuwa silinda moja nzima, nne zenye urefu b nyingine, nne za c nyingine, kwa hiyo zote pamoja ni pai mara r mraba mara (a + b + c). Hiyo hapo, jumla yetu ya kaunta, imejitokeza bila kualikwa. Na kwenye kona nane kuna vipande vinavyoungana kuwa tufe moja lenye nusu kipenyo r.

Sasa weka boksi dogo ndani ya kubwa, kwa ulalo wowote upendao, na uyapake yote mawili mpira wa unene uleule. Dogo lililopakwa litabaki ndani ya kubwa lililopakwa, kwa hiyo ujazo wake hauwezi kuzidi. Ongeza mpira, ongeza, hadi r iwe kama kilima. Matufe ni sawa pande zote mbili, yanafutana. Kinachobaki na nguvu ni kile chenye r mraba, yaani jumla ya pande tatu, na vingine vyote kando yake ni vumbi. Kama boksi la ndani lingekuwa na jumla kubwa kuliko la nje, basi kwa r kubwa ya kutosha lililo ndani lingekuwa na ujazo mkubwa kuliko lililolizunguka, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo boksi lolote linaloingia ndani ya jingine, liingie limesimama, limelala au limepinda, lina jumla isiyozidi ya lile la nje.

Sijui kama aliyechagua inchi 62 alikuwa na habari hiyo, na simdai. Lakini alichagua kipimo kisichoweza kudanganywa kwa kugeuza kitu. Nilimpigia mpwa asubuhi.

"Haiwezekani. Boksi lolote litakalolimeza sanduku lako litakuwa na 165 au zaidi. Imethibitishwa."

"Na nani?"

"Na mpira."

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, ulilala jana?"

Tukarudi kwenye mambo ya kawaida. Kuna mfuko laini wa gitaa, wa kitambaa chenye sponji: 104, 40, 12. Jumla 156. Unapita, na sentimeta mbili zinabaki. Lakini mfuko laini chini ya ndege, kati ya masanduku ya kilo 23 kila moja, ni blanketi kwenye vita. Kipimo kinasema ndiyo, gitaa linasema hapana. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakishaielewa hesabu: wanaanza kuitii hata pale inapokuwa si swali tena.

Nikamshauri aangalie masharti ya vyombo vya muziki, ambayo kwa kawaida yana ukurasa wake. Marekani, alikokuwa anakwenda, kuna sheria ya mwaka 2012, iliyowekewa kanuni za utekelezaji mwaka 2015, inayoyahusu mashirika ya nchi hiyo: chombo kidogo kama gitaa kiruhusiwe ndani ya ndege kikitosha kwenye kabati la juu au chini ya kiti, mradi nafasi ipo wakati abiria anapanda. Kilicho kikubwa kinaweza kupakiwa chini ikiwa jumla ya urefu, upana na kimo, pamoja na sanduku lake, haizidi inchi 150, na uzito hauzidi ratili 165. Inchi 150 ni sentimeta 381. Nilipoisoma nilicheka peke yangu: hata bunge, lilipotaka kusema chombo cha muziki kinaweza kuwa kikubwa kiasi gani, lilichukua pande tatu na kuzijumlisha.

Shirika alilokata tiketi halikuwa la Marekani. Lilikuwa na daraja lake la mzigo uliozidi, kuanzia 158 hadi 203, kama mashirika kadhaa yalivyo. Sentimeta saba zake zililipiwa sawa na ambavyo zingelipiwa arobaini na tano. Alilalamika, nikamwelewa, tukalipa. Usiku wa kuamkia safari alilegeza nyuzi zote sita, akajaza soksi kuzunguka shingo ya gitaa ili lisicheze ndani ya sanduku, akanitumia picha ya futikamba ikiwa imenyooshwa pembeni ya kifungo cha mwisho.

Kaunta hakuna aliyelipima.